Kanali Aliyeuza Magodoro

Baba yangu hakuwahi kuwa mwanajeshi hata siku moja. Alikuwa muuza magodoro. Duka lake lilikuwa la mlango mmoja, magodoro yamesimamishwa ukutani kama watu wanaosubiri kuitwa kwa daktari, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwashawishi wateja walale. "Lala kwanza, bei tutaongea," alikuwa akisema kwa ile sauti yake nzito inayotokea tumboni, na watu wazima na akili zao walivua viatu wakalala dukani mchana kweupe.

Sauti hiyo ndiyo iliyomponza. Mwongozaji mmoja wa tamthilia alikuja kutafuta godoro, akalala, akasikiliza maelezo yote ya sponji na waranti, kisha akaketi na kumwuliza, "Mzee, umewahi kuigiza?"

"Kila siku," baba akajibu. "Hapa najifanya sijachoka."

Basi ndivyo alivyokuwa Kanali. Tamthilia ilihusu maisha ya kambini na ilirushwa kila Jumapili jioni, wakati watu wanapiga pasi nguo za kazi. Kanali alikuwa mkali wa uso na laini wa moyo. Aliwatuliza vijana waliokumbuka kwao, aliwapatanisha wachumba, na mara moja alimfokea waziri. Watu walimpenda mno. Askari wa barabarani walimpigia saluti naye akaitikia kwa aibu, mkono mmoja umekumbatia mfuko wa nyanya. Ni mama tu, msusi mwenye saluni yake uani, ambaye hakubabaika. "Afande," alimwita, "ndoo ya taka imejaa. Tekeleza."

Sare, malori, uwanja wa gwaride, hata ile helikopta iliyopita mwanzoni mwa kila kipindi, vyote vilitoka jeshini, ofisi ya uhusiano. Kwa shukrani, kila mswada ulipita kwanza mikononi mwa Meja wa ofisi hiyo.

Meja alikuwa mwanamke wa umri wa mama yangu, mnene kidogo, mcheshi, mwenye miwani aliyokuwa akiitafuta huku ameivaa. Alikuja kwenye mazoezi na kalamu yake ya kijani, akaketi kwenye kiti cha plastiki na kusoma akicheka kwa sauti. Alipenda hadithi kwelikweli. Alilia siku mpishi wa kambi alipoachwa na mchumba wake. Lakini kalamu haikulia. Askari mlevi alitolewa. Koplo aliyeogopa giza alitolewa. Siku moja lori lilizimika katikati ya kupiga picha, waigizaji wote wakashuka kulisukuma, na mwongozaji, kwa furaha, akaendelea kurekodi. Meja akainuka.

"Hiyo futa, mwanangu."

"Lakini ndivyo ilivyotokea, Meja!"

"Najua. Na mimi nimesukuma malori mpaka mgongo umegoma. Ila kwenye tamthilia yetu magari hayaharibiki."

Akacheka, nasi tukacheka, hata mimi niliyekuwa nikimpeleka baba mazoezini, na picha ikafutwa.

Kalamu yake haikuishia kwenye tamthilia yetu. Wahariri wa magazeti na redio walikuwa kaka zake na dada zake. Aliwapigia simu, akauliza habari za watoto, akauliza kama yule mdogo amepona mafua, na mwishoni, akiwa kama amekumbuka jambo dogo, aliomba neno fulani kwenye kichwa cha habari lipunguzwe makali. Lilipunguzwa. Mwandishi aliyeandika vizuri alipewa nafasi kwenye ndege ya kwenda mpakani. Aliyeandika vibaya, mwaliko wake ulipotelea njiani. Meja hakumtisha mtu yeyote. Hakuwa na haja.

Alimpenda sana baba. Walitaniana kama shemeji. Alimfundisha kugeuka nyuma bila kuyumba, na baba akamuuzia godoro lililomtibu mgongo. Kwa hiyo alipompigia siku moja asubuhi na kumwambia, "Kanali, nina kazi ya dakika moja, nisaidie," baba hakuuliza. Alivaa sare, nikampeleka.

Wakati huo vijana wetu walikuwa mpakani, na mtaani palikuwa na minong'ono. Ilisemekana mto ulifurika ghafla ukabeba daraja na msafara wa malori. Magazeti hayakuandika neno; yalikuwa yameombwa yasubiri. Na kadiri yalivyonyamaza ndivyo minong'ono ilivyonenepa. Familia zilianza kukusanyika kwenye lango la kambi. Msemaji wa jeshi alijitokeza kwenye runinga, mtu mwembamba anayesoma kama anahesabu magunia, na watu wakazidi kuogopa.

Ndipo ofisi ikamkumbuka Kanali. Wakamketisha nyuma ya meza ileile ya kwenye tamthilia, wakampa karatasi, naye akaisoma kama alivyosoma miswada yote, akiitafutia pumzi na mahali pa kutua. "Wazazi wangu, vijana wenu ni vijana wangu. Wako salama. Msisikilize maneno ya vijiweni. Laleni." Lile "laleni" aliliongeza mwenyewe. Mazoea ya dukani.

Vituo vyote vilirusha tangazo hilo. Siku ya pili lango la kambi lilikuwa tupu.

Jirani yetu mmoja tulimwita Mama Pacha. Alikuwa na watoto wawili waliozaliwa siku moja: mmoja fundi bomba, wa pili askari, yuko mpakani. Asubuhi hiyo alikuja kwetu amevaa vizuri, amepaka mafuta, na amebeba foronya mbili alizozidarizi kwa mkono. Akamkabidhi baba kwa mikono miwili.

"Nimekuja kukushukuru, baba yangu. Tangu minong'ono ianze nilikuwa sifumbi macho. Jana nilikusikia, nikazima taa, nikalala kama mtoto mchanga."

"Asante, mama," baba akasema. "Lakini mimi..."

"Wewe huwezi kunidanganya," Mama Pacha akasema. "Nakufahamu." Akaenda zake, mwepesi, akiimba njiani.

Baba alibaki amesimama na zile foronya. Mama alikuwa anamsuka mteja mlangoni pa saluni, alisikia yote. Hakumwita Afande. Alimuuliza taratibu, kwa sauti ya mke, "Baba watoto, nani alikuambia wako salama?"

"Karatasi."

"Na karatasi nani aliiambia?"

Baba akazikunja foronya, akaziweka mezani, akaniambia nichukue ufunguo wa gari. Yeye haendeshi akiwa na hasira.

Ofisi ya Meja ilikuwa chumba kirefu chenye televisheni nyingi ukutani, kila moja na kituo chake, zote zimezimwa sauti, midomo inachezacheza tu. Juu ya meza kulikuwa na mkasi, gundi, na magazeti yaliyokatwakatwa. Meja alikuwa ameketi katikati na macho mekundu. Alipotuona alitabasamu kwa mazoea, kisha tabasamu likaisha lenyewe.

"Meja," baba akasema, "nataka jambo moja tu. Vijana wako salama?"

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Shemeji, kaa kwanza."

"Sikai."

"Hatujui," Meja akasema. "Daraja limekwenda. Mawasiliano yamekatika. Helikopta haiwezi kuruka kwa mvua ile. Huenda wamevuka, huenda hawakuvuka. Hatujui."

"Sasa kwa nini mlinipa kusema wako salama?"

"Kwa sababu watu walikuwa wanakanyagana langoni! Bibi mmoja amevunjika mkono. Ningewaambia nini?"

"Ungewaambia hujui."

"Jeshi halisemi halijui." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyeshalisema neno hilo mara nyingi. "Nimefanya kazi hii tangu nikiwa kijana mwembamba, usicheke. Najua kuandika tumeshinda, tunasonga, hali ni shwari. Ila hatujui, hilo moja sijawahi kupewa ruhusa ya kuliandika."

"Basi liandike leo nilisome."

"Hawatakubali."

"Umewauliza?"

Meja akavaa miwani yake tena. Kwenye televisheni moja nyuma yake tangazo lilirudiwa. Nilimwona baba ukutani, ameketi kwa heshima zote, midomo yake inasema kitu ambacho wote watatu chumbani tulijua hakijui. Baba alijitazama mpaka mwisho. Kisha akageuka nyuma bila kuyumba, kama alivyofundishwa, tukatoka.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Pacha. Hakutaka niingie, lakini niliingia. Alimkuta anachambua mchele sebuleni na mwanawe fundi bomba. Baba alipiga magoti sakafuni ili macho yao yawe sawa.

"Mama, jana nilisoma karatasi niliyopewa. Sikuuliza. Leo nimeuliza. Hawajui. Huenda kijana yuko salama, huenda hayuko. Mimi sijui, na wao hawajui."

Mama Pacha aliushika ungo kwa mikono miwili. Nilifikiri atamtupia usoni, na nadhani baba alifikiri hivyo pia, maana alifumba macho.

"Mbona ulisema kwa sauti ile?" akauliza.

"Ndiyo sauti niliyo nayo, mama."

Alilia kidogo. Mwanawe alimshika bega na kumtazama baba kwa jicho ambalo sikulipenda. Kisha mama yule akasema kwa ukali, "Basi usiondoke. Kama hujui na mimi sijui, kaa hapa tusijue pamoja." Akamsukumia upande mmoja wa ungo. Baba akaketi sakafuni, Kanali mzima na suruali ya sare ya jana, akachambua mchele.

Habari za mtaani hazihitaji helikopta. Mchana huohuo alikuja mtangazaji wa redio moja ndogo, binti mwenye kinasa sauti kilichofungwa kwa utepe wa gundi. Mwaliko wake yeye ulikuwa unapotelea njiani siku zote. Baba akamwambia yaleyale, pale pale sakafuni: "Mimi si kanali. Nauza magodoro. Niliwaambia mlale, na sikuwa na haki hiyo. Ulizeni." Kufikia jioni wale wahariri, kaka na dada wa Meja, walianza kuona haya. Gazeti moja liliuliza, la pili likauliza, simu zikalia katika kile chumba cha televisheni mpaka wakubwa wakakubali. Kwenye taarifa ya habari ya usiku wa kesho yake, msemaji mwembamba alisema daraja limebomoka, mawasiliano yamekatika, utafutaji unaendelea. Watu walirudi langoni, lakini safari hii waliwekewa mahema na maji.

Mvua ilipokatika taarifa ilikuja. Lori la nyuma lilikuwa limechepuka pembeni na kukwama kwenye tope; ndani yake alikuwemo kijana wa Mama Pacha, mguu umevunjika, mdomo mzima. Malori ya mbele yalikwenda na maji. Katika mtaa wa nyuma yetu walilia nyumba mbili, na baba alikwenda zote mbili, na katika nyumba moja hawakumfungulia. Alikaa nje barazani mpaka walipomaliza kuzika. Hilo hatulizungumzii sana nyumbani.

Jeshi halikumfanya chochote baba. Lilikataa tu kumwazima sare. Na kanali hawezi kuwa kanali katika fulana, kwa hiyo mwandishi wa tamthilia akaambiwa amuue.

Siku ya kurushwa kipindi cha kifo chake, mama alifunga saluni mapema. Ndugu walikuja, majirani wakaja, Mama Pacha akaja na pacha wote wawili, mmoja kwa magongo. Wengine walikuja na nyuso za msiba kweli, wakampa mama pole, na marehemu mwenyewe akawaletea chai. Bibi mmoja alimshika mkono na kumuuliza, "Uliumwa nini, mwanangu?"

"Moyo, bibi. Ghafla."

"Ulikuwa unakula chumvi sana."

Jua lilikuwa linazama mlango ulipobishwa. Alikuwa Meja, amevaa gauni la maua, ameshika mkoba kifuani kama ngao. Baba alimtazama, kisha akasogea kwenye kochi na kupiga mto kwa kiganja. "Shemeji, lala kwanza," akasema, na Meja akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

Kipindi kikaanza. Tulitegemea watu wawili watatu na jeneza la mbao nyepesi. Badala yake tuliona kikosi kizima cha gwaride, bendi, farasi, mizinga, bendera iliyokunjwa kwa utaratibu wa vitabu, na koplo mmoja katika mstari wa mbele analia waziwazi, kamasi zinatoka, na hakuna aliyeikata ile picha.

"Askari analia!" mama akamgeukia Meja. "Na kalamu?"

"Kalamu iliisha wino," Meja akasema, macho kwenye runinga. "Sikuweza kumrudisha Kanali, shemeji. Wamegoma kabisa. Ila mazishi niliandika mimi, na niliwaambia, kama tunamzika huyu tutamzika ipasavyo."

Baba alikuwa analia kwenye msiba wake, machozi yanamdondokea kwenye kikombe, na Mama Pacha anampigapiga mgongoni.

Wageni walipotawanyika baba aliingia chumbani, akarudi na viatu vya jeshi vilivyofungwa kwa gazeti, akampa Meja kwa mikono miwili. Mali ya serikali. Mama alisema ashukuriwe Mungu, vinanuka. Meja alivitia kwapani, akamwambia baba godoro lake limeanza kubonyea upande wa kushoto.

"Liko ndani ya waranti," baba akasema. "Lete Jumatatu."

Na Jumatatu alilileta, juu ya gari lake mwenyewe, limefungwa kwa kamba vibaya.