Saa Mbili ya Nani

Pale hospitalini hakuna aliyehangaika na majina yao. Tangu chuo kikuu kitiliane saini mkataba na hospitali ile, na wanafunzi wa uuguzi waanze kujifunzia wodini, kila aliyevaa koti la bluu aliitwa Chuo, basi. "Chuo, lete pamba." "Chuo, umeziba njia." Walikuwa thelathini na mmoja, wote Chuo. Huyu wetu alikuwa na hamu moja ambayo hakuwahi kumwambia mtu: siku moja mgonjwa amwite nesi.

Ilikuwa siku yake ya pili katika wodi ya wanaume. Mkuu wa wodi, mwanamke mwenye sauti nzito na miguu myepesi, ambaye hata madaktari walimwita Mama Wodi, alikuwa ameshampenda. Mapenzi ya Mama Wodi uliyajua kwa wingi wa kazi alizokubebesha. Asubuhi hiyo walikuwa wakigawa dawa pamoja, mara akaitwa mapokezi: ajali, majeruhi watatu.

"Malizia wewe," akasema, akimsukumia sinia. "Kitanda cha saba ana sukari, soma faili vizuri." Akatoka mbio.

Mkataba ulisema wazi kwamba mwanafunzi hachomi sindano peke yake. Nakala yake ilibandikwa ukutani juu ya sinki, na maji yalikuwa yameanza kuila pembeni.

Kwenye kitanda cha saba alilala fundi cherehani mzee, mwenye kidonda mguuni na mdomo usiokaukiwa mizaha. Tangu jana alikuwa akimwita mjukuu wangu. Chuo akafungua faili lake. Mstari wa mwisho ulisema: Saa 2, sukari 14, insulini uniti 12. Akampima, akapata 13. Bado ilikuwa juu. Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na nusu asubuhi.

Sasa, miaka mitatu darasani mwalimu wao alikuwa amewapigilia jambo moja vichwani: saa ya faili huhesabiwa kuanzia usiku wa manane. Ukiona mbili, hiyo ni saa nane usiku. Saa mbili asubuhi huandikwa nane. Na mkataba ulisema hivyohivyo. Basi kwa hesabu ya Chuo, mzee alichomwa saa nane usiku na dozi ya asubuhi ilikuwa bado. Akavuta uniti kumi na mbili, akazihakikisha mara mbili, akamchoma tumboni.

"Mjukuu wangu," fundi akacheka, "leo mmeamua kunishona pande zote mbili? Mwenzako si katoka hapa sasa hivi!"

Chuo akacheka naye. Akashika kalamu aandike, na hapo kicheko kikamkatika. Mwenzake gani?

Macho yakapanda mistari ya juu. Jana: Daktari amepita, saa 4. Daktari gani huyo wa kupita wodini saa kumi alfajiri, wakati hata saa nne asubuhi hufika kwa kubembelezwa? Chakula cha mchana, saa 7. Faili zima liliandikwa kama watu wanavyosema, si kama mkataba unavyotaka. Saa 2 ilikuwa saa mbili. Nesi wa usiku alikuwa amemchoma mzee nusu saa iliyopita, akaenda zake nyumbani.

Pale kwenye kikabati mkate wa mzee ulikuwa mzima, haujamegwa. Dozi mbili za kushusha sukari, na tumbo tupu.

"Babu, hujala?"

"Leo hakipiti."

"Kunywa chai basi. Kunywa yote." Akamwaga sukari kikombeni bila kuhesabu vijiko. Kijiko kikawa kinagonga kikombe, naye akaogopa kwamba wodi nzima inasikia.

Alikuwa na hofu, na hofu ile haikuwa moja. Aliogopa mzee asije akafa. Aliogopa pia, na hili lilimwaibisha, kusema alichofanya. Mwaka uliopita wanafunzi wa chuo kingine walifungashwa virago wote kwa kosa la mmoja. Akawaona wenzake thelathini wakivua makoti ya bluu kwa ajili yake. Akamwona Mama Wodi akiulizwa kwa nini alimwachia sindano. Na sindano yenyewe alikuwa hajaiandika. Kalamu ilikuwa hewani bado. Chai itafanya kazi, akajiambia, mzee atachangamka, nani atajua?

Lakini insulini haitoki mwilini kwa sababu haikuandikwa. Ingeendelea kumla mzee wa watu saa baada ya saa, na anayekuja baadaye asijue anapambana na nini. Alilijua hilo vizuri. Lilikuwa kwenye mtihani, na alilipata. Hata hivyo alisimama pale, ameshika faili, dakika zinakwenda.

"Mjukuu," fundi akasema, na neno likatoka limelegea. Jasho lilikuwa limelowesha kola yake. Vidole vyake vikaanza kutafuta kitu hewani, kimoja kikisokota, viwili vikibana, na Chuo akaelewa kwamba anatunga uzi kwenye sindano isiyokuwepo.

"Mama Wodi!" Hakujua kwamba ana sauti kubwa kiasi hicho. "Mama Wodi, nimemchoma mara mbili!"

Mama Wodi akaja anakimbia kutoka mapokezi, na hakuuliza kitu mpaka alipopata mshipa. Kipimo kilisema 2.1, sukari imeshuka mno. Sukari ya maji ikaingia taratibu, Chuo ameushika mkono wa mzee usicheze, macho ya mzee yamegeuka juu. Muda ule ulikuwa mrefu kuliko miaka yake mitatu ya chuo. Kisha vidole vikatulia. Mzee akapepesa macho, akauliza nani kamwagia maji.

"Ulimchoma saa ngapi?" Mama Wodi akauliza sasa, kwa upole uliotisha.

"Saa mbili na nusu. Niliona saa mbili kwenye faili, nikadhani ni saa nane usiku."

Mama Wodi akalisoma faili. Akautazama mstari wa daktari wa saa 4, kisha mkataba ukutani.

"Huo mwandiko ni wangu," akasema. "Na karatasi ile niliibandika mimi." Akalifunga faili. "Nitamwambia mwalimu wako mimi mwenyewe, na kosa langu nitaliandika. Kesho utakuja kazini. Ila mzee utamwambia wewe, sasa hivi."

Chuo akapiga moyo konde, akaenda, akamweleza mzee yote, hata zile dakika alizosimama kimya na kalamu. Fundi alisikiliza bila mzaha. Nusu saa ikapita, wakati wa kumpima tena ukafika, naye Chuo akachukua kimashine, akanyoosha mkono aombe kidole.

Mzee akaurudisha mkono wake chini ya shuka.

"Samahani, nesi," akasema taratibu. "Aje mwingine."