Mkono Haujafika Sikio

Vestine alipokuwa mchanga, nyanya yake Drocella alikuwa akificha kijiko chini ya kitambaa, na mtoto aligeuka kucheza na kuku kama vile kijiko hakijapata kuwako duniani. Mwaka uliofuata akakifunua kitambaa mwenyewe. Alipofika miaka minne alilalamika kwamba mwezi unamfuata kutoka shambani hadi mlangoni. Drocella hakumbishia. Emérita, dada yake mkubwa, naye alipitia hatua hizo hizo. Sasa alikuwa na miaka kumi na minne, akiuliza kama wanaume ndio wangekuwa wanazaa, nani angelima maharage. Drocella alimjibu kwamba wangelima wale wale wanaolima sasa.

Kila jioni Vestine alipewa kikombe cha maziwa, akalia kwamba ni kidogo. Drocella aliyamimina yale yale katika kibuyu chembamba, yakapanda juu, mtoto akanyamaza. Njia hiyo ilifanya kazi miaka miwili. Halafu jioni moja ya mwaka 1953 Vestine aliangalia kibuyu, akaangalia kikombe, akamwambia nyanya yake:

"Koko, ni yale yale. Umeyasimamisha tu."

Kesho yake Drocella alimuogesha, akampeleka shule ya Kirolirwe. Shule ile ilipokea wapya kila baada ya miaka miwili, na shangazi yake wa kijiji cha Ntoto alikwisha kutuma habari kwamba anamtaka Vestine akamlelee mtoto. Asipoingia leo, ataenda Ntoto.

Mwalimu Isidore alipima watoto mlangoni.

"Pitisha mukono juu ya kichwa. Gusa sikio ya ngambo."

Vidole vya Vestine viliishia kwenye nywele.

"Haiko tayari. Mwengine!"

"Mwalimu," Drocella akasema, "ni mukono njo itasoma?"

"Mama, ni sheria. Kichwa haina kipimo."

"Iko nayo. Niletee vikombe mbili na chupa."

Mwalimu alileta, labda kwa sababu mama yule alikuwa amesimama katikati ya mlango. Drocella alijaza vikombe maji sawasawa, kila mtu akakubali ni sawa. Kikombe kimoja akakimimina chupani. Akawageukia watoto kumi na mmoja waliokwisha kupokelewa.

"Maji mingi iko wapi?"

"Mu chupa!" wakapiga kelele wote. Hilaire, ambaye vidole vyake vilipita sikio vikafika karibu na kidevu, aliomba apewe chupa.

"Ni sawa," Vestine akasema. "Rudisha mu kikombe, utaona."

Mwalimu Isidore aliangalia chupa, akaangalia kikombe. Kisha aliyarudisha maji kikombeni yeye mwenyewe, akisema ni kwa ajili ya watoto.

"Lakini mukono, Mama…"

"Mukono itarefuka yenyewe, mwalimu. Hata akiwa amelala."

Mwalimu alifungua daftari, akaandika Vestine.

"Na hawa kumi na moja nitawafanya nini?"

"Uwaache, watafika. Huyu Hilaire ninajua mama yake. Naye alichelewa hivi hivi."

Drocella alishukuru mara moja tu, akamshika mtoto mkono, akaondoka kabla mwalimu hajaanza kufikiri tena. Njiani Vestine aliuliza kama mwalimu naye alikuwa hajui kwamba maji ni yale yale.

Drocella akamwambia aongeze mwendo.