Kichaka Kilichopigwa Mkasi

Fundi cherehani alikuwa mtu wa mstari ulionyooka. Uzi ukichomoza kwenye pindo, hana raha. Ndiyo maana, mkewe alipofariki na kumwachia kichaka cha mapambo kando ya mlango, alikitunza kwa njia aliyoijua: kila mwezi alitoka na mkasi wake wa zamani akakisawazisha juu na pembeni, hadi kikawa mraba kama mto wa kochi.

Mkewe alikipenda kwa vitunda vyake, vyekundu, vidogo kama shanga. Mwaka wa kwanza havikutokea. Wa pili pia, patupu. Fundi akaanza kuamini kwamba amekiua kitu cha mwisho alichoachiwa. Hakumwambia mtu. Alizidisha maji, akazidisha samadi, akazidisha mkasi.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alipokuja kumjulia hali, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Shemeji! Hiki ni kichaka, au umekishonea suti?"

"Usinicheke. Hakizai."

"Kitazaaje? Maua yake hutoka kwenye matawi ya mwaka jana, nawe kila mwezi unayafyeka. Dada alikuwa anaondoa makavu tu, basi."

Fundi akaketi kizingitini. "Kwa hiyo ni mimi."

"Ni mkasi," shemeji alisema, sasa kwa upole. "Upe likizo."

Kumbe kuacha ni kazi kuliko kukata. Matawi yalirefuka ovyo, yakawakwaruza wateja mikono. Jirani akauliza kama nyumba imehamwa. Mara mbili fundi alifika mlangoni na mkasi mkononi, akageuka, akaenda kupunguza nyuzi kwenye nguo zilizokwisha kupunguzwa.

Mwaka uliofuata yakatoka maua meupe, madogo, yasiyo na makeke. Yalipopukutika, yakaacha vitone vya kijani. Fundi aliviinamia kila asubuhi kabla hata ya chai.

Asubuhi moja alimkuta ndege amening'inia kwenye tawi, anadonoa. Aliinua mkono kumfukuza, akauona wekundu wa kitunda mdomoni mwake. Akaushusha mkono.

Akampigia shemeji simu. "Kuna ndege anakula vitunda vya dada yako."

"Si umfukuze!"

"Mwache ale," alisema fundi. "Vipo vingi, shemeji. Vipo vingi."