Bakuli la Fundi

Funza alikuwa mweupe, mnene kama punje ya mchele, amelala juu ya uji kwa utulivu wa mtu aliye kwake.

"Umemwona?" aliuliza Fundi. Tulimwita hivyo kwa kuwa alikuwa mshonaji kabla ya kuletwa katika wodi ya wagonjwa wa akili, pale alipofiwa na mumewe akaacha kulala. "Macho haya yametunga uzi kwenye sindano miaka thelathini, mwanangu. Mdudu atanipitaje?"

Nilimwona, lakini nikashika kalamu tu. Ndiyo tabia yangu. Nilikuwa na wiki tatu tu tangu nitoke chuo cha uuguzi, na kila asubuhi niliandika katika kitabu cha wodi nani amekula na nani amekataa. Jina lake nilikwisha kuliandika mara mbili, kwa mwandiko wangu mzuri: *Amekataa. Anadai chakula kina wadudu.* Pembeni daktari bingwa akaongeza: *Dhana potofu. Ongezeni dozi.* Mara ya tatu ingefuta ruhusa yake ya kwenda nyumbani Ijumaa, na mwanawe atakayekuja kumchukua angerudi peke yake. Ukishaitwa mwendawazimu, hata chafya yako huwa dalili.

Nilibeba bakuli hadi jikoni. Mpishi akaangua kicheko.

"Dada, hiyo ni nyama ya bure! Kwani hao watajua?"

Nyuma yake gunia la unga lilikuwa wazi, na unga ulikuwa ukitikisika wenyewe.

Niliusogelea ule unga. Nilikumbuka kwamba sijawahi kuonja chakula cha jiko lile. Hakuna mtumishi aliyekionja. Sote tulikuja na vibakuli vyetu vya nyumbani, tukala mlango umefungwa. Tuliamini kilekile alichoamini Fundi. Ila yeye alikisema.

Saa nne daktari alifika kitandani kwake, muuguzi mkuu akimfuata.

"Leo amekula?"

Fundi alinitazama, hakuniomba kitu. Niliinua bakuli nililorudi nalo, uji ukanimwagikia vidoleni, wa baridi, wenye utelezi.

"Daktari," nilisema, "tafadhali, onja wewe kwanza."

Muuguzi mkuu alinikanyaga mguu. "Binti, una wazimu?"

Daktari alichungulia bakuli. Akarudi nyuma hatua moja, akajifuta mdomo kwa leso ilhali hakuwa amegusa kitu. Nikamgeuzia muuguzi mkuu bakuli. Naye akageuza uso.

"Haya, mwanangu," Fundi alisema taratibu, akijifunika shuka magotini. "Andika."

Nikafungua kitabu kwenye safu ya waliokataa. Nikaandika jina la daktari. Nikaandika la muuguzi mkuu. Nikafikiri kidogo, kisha nikaongeza langu.

"Lete hapa," alisema daktari, mkono kaunyoosha.

Nilikikumbatia kitabu kifuani, wino ukiwa bado haujakauka.