Ukuta wa Watu Wawili

Nilipoambiwa kuna mkandarasi wa kupaka rangi nyumba anatafuta mtu, swali la kwanza lililonijia halikuwa mshahara. Nilitaka kujua mtu wa kupaka rangi anaulizwa nini siku ya kuomba kazi. Dereva ataulizwa leseni, fundi cherehani atapewa kitambaa akate, lakini ukuta kila mtu anadhani anaujua. Kaka yangu, ambaye tangu utotoni ananiita Polisi kwa sababu ya maswali yangu, alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye sahani: "Utaulizwa kama unajua kunyamaza."

Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Yeye ana nyumba, mimi nilikuwa nalala kwenye kochi la sebule yake tangu genge langu la mboga lilipokufa. Wifi alikuwa ameanza kuniuliza, kwa upole unaochoma, kama kochi haliniumizi mgongo. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lenyewe nilikuwa nalitafuta kwa miguu yangu. Nikipata kazi hii, napanga chumba. Nikiikosa, narudi kochini, na safari hii wifi hatauliza kwa upole.

Kwa hiyo nilikwenda. Nyumba ilikuwa mpya, tupu, inanuka saruji, madirisha yamezibwa magazeti. Tulikuwa watano, tumekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Mkandarasi alikuwa mtu mfupi, suruali yake imeshika rangi nyingi kiasi kwamba huwezi kujua ilinunuliwa ikiwa ya rangi gani. Alikuwa na tabia ya kusonya kabla ya kila sentensi, hata ile nzuri.

"Nafasi ni moja," alisema. "Atakayebaki nayo, anabaki nayo. Wengine tusilaumiane."

Alipita kwa kila mmoja. Akaniuliza kama napata kizunguzungu nikipanda juu. Akaniuliza kama nina pumu. Akaniuliza, nikiingia chumba cha watu na kabati liko wazi, nafanya nini. Nilimjibu kweli: nitatamani kuchungulia, halafu nitalifunga. Akasonya, sikujua kwa uzuri au kwa ubaya.

"Mbona hujaniuliza kama najua kupaka?" nikamuuliza.

"Kila mtu anajua kupaka," alisema. "Ndiyo maana mimi sikosi kazi ya kurudia."

Rangi yenyewe hatukuiona asubuhi hiyo. Tulipewa vipande vya msasa tukaambiwa tusugue kuta zote za sebule, na kila kitobo kijazwe puti, ikauke, isuguliwe tena. Vumbi la puti ni laini kama unga, linaingia mpaka mahali usipodhani pana mlango. Nilijifunza kwamba mkono ndio unaoona ukuta, si jicho: ukipitisha kiganja ukiwa umefumba macho, unakuta vilima na mabonde. Nilifurahi kama mtoto. Nilikuwa nafumba macho na kupapasa, mpaka mwenzangu mmoja akaniuliza kama naumwa.

Kufika mchana, wawili walikuwa wameaga na mmoja ameondoka bila kuaga. Tulibaki mimi na mwanamke mmoja aliyejifunga kitambaa usoni tangu asubuhi, hasemi neno. Alipokivua ili anywe maji, nikaacha kusugua.

Nilimjua. Alikuwa mke wa pili wa Suti.

Suti ndiye aliyekuwa mume wangu. Watu walimpa jina hilo kwa sababu alikuwa na suti moja tu, na aliivaa hata kwenda kununua mafuta ya taa. Siku moja aliivaa akatoka, hakurudi, na baada ya muda nikasikia ameoa upande mwingine wa mji. Mtu mwingine angelia akamaliza. Mimi nililia, halafu nikapanda gari nikaenda kumwangalia huyo mwanamke. Alikuwa anauza vyombo vya plastiki. Nilisimama pale nikijifanya mteja, nikimpima toka kichwani hadi miguuni, nikitafuta alichonacho ambacho mimi sina. Sikukiona. Nilirudi nyumbani na beseni nisilolihitaji. Baadaye nikasikia Suti amemwacha na yeye. Naungama nilifurahi, ingawa furaha yenyewe haikukaa muda mrefu.

Sasa yuko mbele yangu, anakunywa maji, ananitazama kama anavyotazamwa mtu yeyote. Hakunikumbuka. Swali likanipanda kooni na nikalimeza, kwa sababu mkandarasi alikuwa amerudi na ndoo ya rangi ya krimu.

"Huu ukuta mrefu ni wa watu wawili," alisema. "Mmoja ana brashi, anapanda ngazi, anatangulia kwenye ukingo wa dari na pembeni. Mwingine ana rola, anafuata. Rangi ya brashi na rangi ya rola zikutane zote zikiwa mbichi. Moja ikikauka kabla ya nyingine, unabaki mstari, na mwenye nyumba atauona mstari huo kila akikaa kula, mpaka siku anahama. Mkono mzuri naweza kuufundisha. Mwendo siwezi. Mna kuta mbili. Wa kwanza wa kujifunzia. Wa pili nachagua."

Mimi nilichukua brashi, yeye rola. Na ukuta wa kwanza tuliuharibu. Nilitaka mkandarasi aone nilivyo mwepesi, nikakimbia na ukingo wa dari hadi mwisho kabla mwenzangu hajafika katikati. Nilisimama chini nikijisifu kimoyomoyo. Mkandarasi aliwasha taa yenye waya mrefu, akaiegemeza ukutani ili mwanga upite ubavuni, na pale juu ukaonekana mkanda wote nilioupaka, umejichora kama fremu ya picha. Alisonya tu, akatuonyesha ukuta wa pili, akaenda nje kuongea na simu.

Ndipo nikaelewa tatizo letu. Huwezi kwenda mwendo mmoja na mtu usiyesema naye. Lazima mmoja aseme "njoo" na mwingine aseme "subiri". Nilipanda ngazi nikachovya brashi.

"Twende, dada," nikasema.

"Twende," akasema.

Tukaenda. Mimi napaka urefu wa mkono, nasubiri nisikie rola ikinong'ona chini yangu, naendelea. Nikishuka kusogeza ngazi, yeye anapunguza. Ilikuwa raha ambayo sikuitegemea. Lakini mimi nikiwa na raha huwa siwezi kufunga mdomo, na swali lilikuwa bado limekaa kooni.

"Uliwahi kuolewa na mtu anaitwa Suti," nilisema, macho yangu kwenye dari.

Rola haikusimama. "Niliwahi. Unamjuaje?"

"Mimi ndiye mke wake wa kwanza."

Rola ilipita mara mbili tatu. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayemrekebisha mtoto: "Haiwezekani. Mke wake wa kwanza alikufa."

"Nani kasema?"

"Yeye mwenyewe. Mimi nimekuombea dada, kila mwaka, hata baada ya yeye kuondoka. Namwambia Mungu, mlaze mahali pema."

"Nalala kwenye kochi la kaka yangu," nikasema.

Nilitaka iwe utani, lakini sauti ilinitoka vibaya. Brashi ilikuwa hewani na sikuweza kuishusha. Miaka yote ile nilidhani amenichoka, na kuchokwa nilishakuzoea, watu wengi wanachokwa. Kumbe alikuwa amenizika. Mji ni mkubwa, na mwanamume akitaka kufiwa na mke aliye hai, anahama mitaa michache tu. Hasira ilinishika pale pale juu ya ngazi.

"Brashi, dada," alisema yule mwanamke kule chini.

Sikusogea.

"Brashi. Inakauka."

Nikaishusha. Nilipaka nikiwa sioni vizuri, machozi yananitoka na pua imejaa puti. Nikamsikia akirudi nyuma na rola yake, akipanda juu mpaka kwenye ukingo wangu, akijaribu kuokoa pale niliposimama. Kisha tukaenda mwendo wetu tena hadi kwenye kona, tukafika pamoja.

Mkandarasi alirudi na taa yake. Mwanga ulipita ubavuni, ukuta ukalala safi, krimu yote moja. Moyo wangu ukaanza kupanga samani kwenye chumba nisichokuwa nacho. Halafu taa ikasimama. Karibu na dari, katikati, palikuwa na alama ya upana wa kiganja, imeparuzwa kidogo.

"Hapa mmoja alisimama," alisema. "Na mmoja akarudi kuokoa. Rangi ikishaanza kushika hairudiwi, ukiirudia unaivuta. Nani alisimama?"

Angeweza kusimama yeyote. Mwenye rola naye husimama, akabaki mwenye brashi hana wa kukutana naye. Nilijua hilo, na nikajua kwamba nikinyamaza atabaki kukisia tu ni nani kati yetu. Nilimtazama mwenzangu. Hakuwa ananitazama, alikuwa anakamua rola kwenye trei kana kwamba swali si la kwake.

"Mimi nilisimama," nikasema.

"Kwa nini?"

"Niliambiwa nimekufa."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo mkandarasi alisahau kusonya. Alimtazama mwenzangu, na mwenzangu akamweleza kwa sentensi chache mambo ya Suti, bila kunionea haya wala kujionea haya. Mkandarasi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akazima taa.

"Pole," aliniambia. "Lakini kwenye nyumba za watu mtasikia makubwa kuliko hayo, na rangi haitawasubiri. Aliyerudi kuokoa nitamfundisha asirudi. Mwenye rola, kazi ni yako."

Nilisema hongera. Mdomo ndio uliosema, moyo ulikuwa kochini tayari, unamsikiliza wifi. Nilichukua brashi nikaanza kuisafisha, maana hata aliyekosa kazi haachi brashi ikauke.

"Igawe," mwenzangu alisema.

"Nini?" mkandarasi akauliza.

"Hiyo nafasi. Tupe wote wawili."

"Mshahara ni wa mtu mmoja. Siongezi hata shilingi."

"Sijakuomba uongeze. Nimesema ugawe."

"Kwa nini ukate riziki yako kwa ajili ya mtu uliyemjua leo?"

Alifikiri kidogo. Aliweka rola kwenye trei kwa uangalifu, isiguse turubai lililotandikwa sakafuni. "Huyu nimeshamzika mara moja," alisema. "Sitamzika tena leo, na safari hii namwona kwa macho yangu."

Mkandarasi alinigeukia. "Na wewe nusu itakutosha?"

Nusu isingenitosha kitu, hata mlango wa chumba usingefunguka kwa nusu. Lakini nilikuwa nimeshaanza kujiuliza yeye anaishi wapi, na chumba chake kina ukubwa gani, na kama ana mtu wa kuchangia kodi. "Tuliwahi kugawana mume, bosi," nikamwambia. "Nafasi haitatushinda."

Alisonya, na safari hii nilijua ni kwa uzuri. Alisogeza ndoo kwa mguu kuelekea ukuta wenye dirisha, uliobaki. "Mwanga bado upo," alisema. "Malizeni huo. Kesho mje na msasa wenu, mimi sigawi msasa."

Alitoka nje. Nilipanda ngazi, nikachovya, nikaanza kwenye kona. Rola ikaja chini yangu, ikanong'ona, tukashika mwendo. Nilivumilia mpaka tukafika kwenye dirisha.

"Nina swali," nikasema.

"Uliza huku unasogea."

"Alisema nilikufa na nini?"

"Homa. Alisema ulishikwa ghafla, na yeye akakosa hata nauli ya kukupeleka hospitali." Rola ilipanda, ikashuka. "Alilia siku ile akinisimulia. Alilia mpaka nikamshika mkono. Mimi nilikuwa nimeshamkataa mara mbili, dada. Nilisema mwanaume anayemlilia mke wake hivi hawezi kuwa mtu mbaya. Ndivyo nilivyoolewa."

Nilimwona Suti na suti yake, analia kwenye kibanda cha mabeseni. Alinililia vizuri, ikabidi nikubali. Nikiwa hai hakuwahi kunililia hata mara moja. Nilitaka kucheka na nilitaka kushuka nikamkumbatie yule mwanamke, na nilikuwa na maswali mengine kama kumi.

"Brashi," alisema.

"Nasogea," nikamjibu, na nilikuwa nasogea kweli.