Walioingia kwa Mlango wa Uani

Gari la maharusi lilikuwa limeshawashwa, safari ya Pongwe kwa kina bwana harusi, Khadija ndani na shela lake, Badru ubavuni pake, na wanawake wa mtaa wa Mabawa wanapiga vigelegele huku wanalia. Mimi nilikuwa nimeshika geti. Nimezunguka miji mingi na kufanya kazi za kila namna, na siku ile kazi yangu ilikuwa hiyo: asiye na sare asiingie.

Sare zilikuwa mbili. Kwa bibi harusi kijani, kwa bwana harusi zambarau. Kabla vitambaa havijagawiwa wale wengi wao walikuwa mashoga wa kuazimana chumvi. Vilipogawiwa tu, kijani wakakaa kwao, zambarau kwao. Kijani wakapakuliana minofu, zambarau wakasukumiwa mifupa na viazi.

"Pilau gani hili, uji mtupu!" zambarau mmoja akasema, makusudi asikike.

"Nyumbani kwenu mnapika nini, shoga? Moshi?"

Na vitambaa vyenyewe vyote vilinunuliwa dukani kwa Tajdin, rafu moja.

Ndipo akaja Leticia, katoka sokoni, kapu bado liko kichwani. Mhaya huyu alikuwa anakaa nyumba ya nyuma, uani kwa uani na wenye harusi, tangu ujana wake. Hakualikwa.

"Shikamoo baba. Nifungulie, niseme na Mastura kabla gari halijatoka."

"Marahaba. Pita."

Nilimfungulia kabla sijajua anataka nini. Mtu wa kuja mwenzangu, basi. Mimi Msambaa wa milimani, na pale wananiita yule mzee wa kuja. Angekuwa mtu wao bila sare ningemfungia. Ugonjwa ni uleule, hata mimi ninao.

Mastura, shangazi aliyemlea bibi harusi, akamwona. "We babu, nani kakwambia umwingize huyu? Sare yake iko wapi?"

"Sikuja kula, Mastura. Simamisha gari. Hawa watoto ni ndugu."

"Ndugu wa nani?"

"Wamenyonya kwangu wote wawili, miezi, pamoja na Robert wangu. Khadija ulimleta mwenyewe, mama yake alipofariki. Badru aliletwa na mama yake, jipu lilipomkamata huyo mama titini, kabla hawajahamia Pongwe. Leo nikipita kutoka sokoni nimemwona huyo mama hapa uwanjani, ndiyo nikajua bwana harusi ni nani. Jina ningeambiwa na nani, nyinyi mlinialika?"

Mimi chuo cha Kurani sikukaa sana, lakini hilo nalijua, na pale uwanjani kila mtu alilijua: walionyonya kwa mama mmoja hawaoani. Ilikuwa kuuliza tu. Hawakuuliza. Kijani na zambarau wakawa kitu kimoja, wa minofu na wa mifupa, bega kwa bega.

"Mchawi huyo!"

"Watoto wetu wanyonye kwa mla nguruwe? Tokaa!"

"Wivu! Kwenu Bukoba hakuna harusi?"

Mama Badru akasema, "Mwanangu alikunywa maziwa ya kopo."

"Na wangu ya ng'ombe," akadakia Mastura. Tangu asubuhi wawili hawa walikuwa hawatazamani. Sasa wameshikana mikono.

"Mlipita mlango wa uani," Leticia akasema, "kila mmoja kwa wakati wake, mmejitanda ushungi mpaka puani, msionekane mnakuja kwangu. Ndiyo maana hamkujuana."

Akasukumwa. Kapu likaanguka, ndizi zikatawanyika, na yeye juu yake.

"Babu, mtoe!"

"Mtoeni wenyewe," nikawaambia. "Mikono mnayo, na mmeshiba."

Kioo cha gari kikashuka. "Shangazi," Khadija akaita. "Apa."

"Niape nini mwanangu, siku ya furaha kama hii?"

"Apa kwa Mungu kwamba huyu hakuninyonyesha."

Mastura akafungua mdomo. Akawatazama wale kijani, akawatazama zambarau, wote wanamngoja. Kuapa uongo aliogopa. Kusema kweli mbele yao aliogopa zaidi.

"Dereva, ondoka," akasema. "Magharibi itatukuta njiani."

Khadija akafungua mlango akashuka. Akaja mpaka getini, akamwinua Leticia, akaanza kuokota ndizi na shela lake linaburuzika vumbini. Badru akamgeukia mama yake, na mama yake akajifunika uso.

Shehe wa mtaa, Uweso, aliwaita wale wanawake wawili faragha. Mama Badru alikiri kwanza, Mastura baadaye. Ndoa ikavunjwa. Badru anaendesha lori huko Handeni, ameoa. Khadija yuko palepale kwa shangazi yake, anashona, hajaolewa. Mastura na Mama Badru hawasalimiani. Leticia alipigiwa mawe bati usiku baada ya usiku, mtaa ukisema amevunja harusi ya watu. Alirudi Bukoba na Robert, na aliyemsindikiza stendi ni Khadija peke yake. Mimi sikuitwa tena kushika geti Mabawa. Nipo Pangani, nachunga nazi za mtu.