Mguu wa Nyamuliro

Nilimwonea wivu mwanamke asiye na mwili, na nilimwonea kwa miaka mingi. Jina lake Nyamuliro. Aliishi chini ya Ziwa Tanganyika katika nyumba ya mawe, na kila jioni baada ya chakula mume wangu Bariki alimtoa majini akamleta uani kwetu Kasingirima, akamsimulia binti yetu Yusta, naye Yusta akasahau hata kuosha vyombo.

Mimi sikuwahi kukaa nikasikiliza. Nilikuwa na cherehani yangu, na nguo za watu hazijishoni zenyewe. Lakini mlango ulikuwa wazi, na masikio hayana kifuniko. Nilisikia kwamba Nyamuliro ni mzuri. Nilisikia kwamba akikasirika ziwa linachemka, na kwamba wavuvi waliopotea huwaonyesha njia kwa moto anaoubeba kiganjani. Ndiyo asili ya jina lake, kwa Kiha umuliro ni moto. Nilisikia pia sauti ya mume wangu ikilainika kila alipomtaja. Hapo nilikanyaga cherehani kwa nguvu hadi uzi ukakatika.

Maana nilikuwa na wangu niliyemshuku. Kabla hajanioa mimi, Bariki alitajwatajwa pamoja na Honorata wa Bangwe, msichana mrefu, shingo imenyooka, akitembea utadhani hagusi chini. Mimi nikitembea unajua nimefika. Mguu wangu wa kushoto umepinda kwa nje tangu kuzaliwa, na kule Simbo nilikokulia watoto walinitania mpaka nikajifunza kupigana. Nilipojua kushona, gauni la kwanza nililojishonea lilifagia ardhi, na tangu hapo yote yanafagia. Honorata aliolewa ng'ambo, Uvira, akaenda zake. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Nikajiambia: kaenda Uvira, karudi kwa kupitia chini ya ziwa.

Mwaka huu Yusta akapata nafasi chuo cha uuguzi, Dodoma. Siku chache kabla ya safari alirudi kutoka mitumbani, soko la Mwanga, na mwanasesere wa kiume asiye na kichwa.

"Mama, angalia," akasema. "Viungo vyote vinakunjika. Magoti, viwiko, hata vifundo vya mikono."

"Na kichwa?"

"Kichwa tutatengeneza. Nataka niondoke na Nyamuliro."

Nikamtazama huyo bwana. Kifua magunia mawili ya mihogo, mapaja ya mchukuzi wa bandarini. Nikamwambia humo hatoki mwanamke. Akacheka, akanionyesha kwenye simu watu wa nchi za mbali wanaofanya kazi hiyo. Wanamtia mwanasesere kwenye maji ya moto, plastiki ikilainika wanamchomoa miguu na kumrudishia. Wanamkwangua misuli, wanamwongezea nyama kwa gundi inayogeuka jiwe. Watu wazima wenye ndevu, wanahangaika kumvalisha sanamu soksi. Nilitazama mpaka wali wangu ukashika chini.

Bariki ni fundi wa mitumbwi. Aliposikia habari ile aliacha kazi ya watu Bangwe akaja mapema, na msasa mfukoni.

"Mwili nitaufanya mimi," akasema. "Yusta, wewe kichwa na rangi. Mama Yusta atashona nguo."

"Na nani atakwambia anafananaje?" nikauliza. "Hajawahi kuchorwa huyo."

"Namjua," akasema, na hakuinua macho.

Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa mgebuka. Nikasema moyoni: sawa, chonga. Ukimaliza tutaona shingo ni ya nani.

Kazi ikaanza, na nisiseme uongo, nyumba ilichangamka. Bariki alikwangua yale magunia ya kifuani mpaka vumbi likafika kwenye mboga. Yusta alifinyanga kichwa kwa ile gundi, akakipa mdomo uliofunguka kidogo, wa mtu ambaye hajamaliza kusema, kisha akasuka rasta nyembamba hadi vidole vikafa ganzi. Wakabishana kuhusu masikio. Wakacheka ovyo. Mimi nilijifanya sina habari nao, lakini nilitoa kipande cha kitenge cha bluu na manjano nilichokuwa nimekificha kwa ajili yangu mwenyewe, nikakata sketi ndefu. Na kila nilipopita nilichungulia shingo. Ilikuwa fupi. Nikaona labda hajaifikia.

Jioni moja nikamkuta Bariki ameushika mguu wa kushoto kwa koleo. Alikuwa ametoka kuutia kwenye maji ya moto, na sasa anaupinda kwa nje, taratibu.

"Unauharibu," nikamwambia.

"Ndivyo ulivyo."

Damu ilinipanda. Honorata hakuwa na mguu wa namna hiyo, kwa hiyo niliona jambo moja tu: mume wangu ananidhihaki nyumbani kwangu, mbele ya binti yangu, kwa mguu wa plastiki. Nilikwenda jikoni nikasugua sufuria ambayo ilikuwa safi, kisha nikarudi nikaongeza pindo la sketi ili mguu ule usionekane kabisa.

Kosa lenyewe lilitokea kwenye nyonga. Mwanasesere alikuwa mtumba, nyonga zimelegea, kila akisimamishwa anakaa. Yusta akasema wale wa kwenye simu hupaka rangi ya kucha ndani ya kiungo, ikikauka kiungo kinakaza. Bariki akaona ametukanwa.

"Mimi nakalafati mitumbwi inayokwenda Kongo na kurudi," akasema. "Leo nizibe kwa rangi ya kucha? Usipoziba ufa utajenga ukuta, mwanangu, na ufa unazibwa kwa pamba na mawese."

Akafanya kama anavyofanya katikati ya mbao za mtumbwi. Alilowesha nyuzi za pamba kwenye mawese akazishindilia kwenye nyonga, magoti, mabega, kila palipolegea. Nyamuliro akasimama wima. Yusta akampaka rangi yote, kahawia nzuri iliyoiva, na wote wawili wakalala na furaha.

Asubuhi yake, treni ikiwa ni kesho, mimi ndiye niliyeamka wa kwanza. Mawese hayakai yanapowekwa. Yalikuwa yametoka kwenye mabega yakateremka kifuani, rangi imevimba na kubanduka vipande vipande, na msafara wa sisimizi umetoka dirishani unaingia kwapani mwa Nyamuliro. Yusta alipoona alikaa chini. Hakulia kama mtoto, alilia kama mtu mzima, bila sauti, na hilo ndilo lililoniuma.

"Kule simjui mtu hata mmoja," akasema. "Nilitaka awepo tu. Akiwepo sitapotea."

Bariki alisimama mlangoni na pamba mkononi. Na mimi wivu wangu nikauweka pembeni, maana mtoto ni wangu. Nikamwambia Bariki avute pamba yote kwa sindano asibakize hata unyuzi. Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga na majivu kidogo. Mawese mniachie mimi, nimeyapika Simbo tangu nikiwa na meno ya utoto.

Nikamzamisha Nyamuliro kwenye beseni nikaanza kusugua. Rangi ikatoka. Nikasugua mkono wa kulia, na chini ya rangi nikahisi mchoro. Mtu alikuwa ameuchora kwa msumari wa moto: alama inatoka kwenye kiwiko, inashuka, inakaribia kifundo, halafu inagawanyika mara mbili, njia panda.

Nikaacha kusugua. Mkono wangu wa kulia ulikuwa pale pale kwenye povu, kando ya ule wa plastiki. Kovu linatoka kwenye kiwiko, linashuka, linakaribia kifundo, linagawanyika mara mbili. Nililipata nikiwa na mimba ya Yusta, pipa la mawese lilipoinama nikamsukuma mtoto wa jirani, mafuta ya moto yakanishika mimi.

"Hii alama ni ya nini?" nikauliza.

"Hapo ndipo alipolitoa jua majini," Yusta akasema, akijifuta macho. "Jua lilikuwa limezama, watu wote wanaogopa kulishika. Yeye akalishika."

"Bariki," nikasema. "Nyamuliro ana shingo gani?"

"Fupi."

"Na ule mguu?"

"Mmoja unatazama nyumbani, mmoja unatazama ng'ambo. Ndiyo maana popote alipo ziwani hapotei."

"Na akikasirika?"

Yusta ndiye aliyejibu.

"Anasugua sufuria safi," akasema, kisha akanitazama vizuri. "Mama, kwani wewe hukujua? Mimi najua tangu nikiwa mdogo."

Nililia. Nililia mikono ikiwa kwenye beseni, nikacheka humo humo, povu likaniingia puani. Miaka yote ile nilikuwa nakata nyuzi kwa hasira nikijigombeza mwenyewe.

"Na Honorata?" nikamuuliza Bariki.

"Honorata yupi?" akasema, na nikamwona anatafuta kweli kichwani. "Yule wa Bangwe? Kafanya nini?"

"Hakufanya kitu. Nenda kaniletee rangi ya kucha."

Alikwenda bila kubishana. Tulipaka viungo, tukavianika juani. Nyonga zikakaza, naye Nyamuliro akasimama wima tena, safari hii bila sisimizi. Yusta akarudia rangi, ila kovu la mkono akalipaka nyekundu. Akambandika rasta, akamvisha sketi yangu. Ilimfunika mpaka chini, miguu yote imepotea.

Bariki alitazama ukuta. Yusta alitazama kucha zake. Nikaona wote wawili wananiogopa, na pengine wana haki.

Nikachukua mkasi nikaikata sketi magotini. Mguu wa kushoto ukatokea, umeelekea ng'ambo, mzuri kabisa. Kisha nikachukua gauni langu la kitenge, lile la kwendea kanisani, nikalikata na lenyewe, nikakaa kwenye cherehani kukunja pindo kabla sijabadili mawazo.

Kesho yake stesheni nilisikia upepo kwenye miguu, jambo ambalo sikulizoea. Mama mmoja wa Kasingirima akatazama chini, akatazama juu, akasema gauni limenipendeza, mshono gani huo. Nikamwambia aje nyumbani nimshonee. Yusta alikuwa dirishani, amemsimamisha Nyamuliro kwenye kizingiti. Treni ilipotikisika nilishika moyo, lakini yule mwanamke hakuanguka. Yusta akamkunja kiwiko, akampungisha mkono wenye kovu mpaka behewa likapotea.

Tulirudi kwa miguu, mimi na Bariki. Nyumba ilikuwa kimya. Jioni tukala wawili, na baada ya chakula alikaa uani mahali pake pa siku zote, akitazama kigoda cha Yusta bila kujua sasa amsimulie nani.

Sikwenda kwenye cherehani. Nilikivuta kile kigoda, nikakaa, nikanyoosha miguu yangu yote miwili mbele yake.

"Anza mwanzo," nikamwambia, "na usiruke kitu."